Hoja ya Sokoni Ifike Arusha: Mwongozo kwa Vikundi vya Wananchi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki

Barua yetu ya kwanza kwenda Arusha, yaliko makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ilikuwa na kurasa nne, sahihi 61 na mihuri miwili, lakini haikuwa na tarehe ya tukio hata moja. Tulieleza kwamba akina mama wanaovusha dagaa na maharage wanasumbuliwa mpakani, kwamba majibu wanayopewa ni ya mkato, na kwamba Jumuiya imekuwa ya wakubwa. Yote yalikuwa kweli. Miezi mitano baadaye likaja jibu la mistari mitatu: barua imepokelewa, suala liko chini ya nchi mwanachama, tafadhali wasilianeni na wizara husika. Mwenyekiti wetu alilikunja jibu hilo akaliweka chini ya mguu wa mizani uliokuwa unayumba, na likakaa hapo mpaka msimu wa mavuno ulipokwisha.

Leo, baada ya miaka kadhaa ya kukaa kwenye mabenchi ya ofisi, nakiri kuwa aliyetujibu alikuwa sahihi. Milango ya Jumuiya kwa mwananchi ipo, tena ni mingi kuliko tunavyodhani. Tatizo letu ni kubisha mlango usio wetu, tumechelewa, na mkononi hatuna karatasi. Ninayoandika hapa ni ya kikundi chochote, wawe wavuvi, wafugaji, mafundi, vijana wa bodaboda au wachuuzi wa mitumba, ambacho kina jambo linalovuka mpaka na kinataka lisikike.

Hatua ya 1: Jueni uamuzi unapikwa wapi

Jumuiya ina nchi nane. Kenya, Uganda na Tanzania zilitia saini Mkataba wa kuianzisha, Arusha, tarehe 30 Novemba 1999. Rwanda na Burundi ziliingia 2007, Sudan Kusini 2016, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo 2022, na Somalia ikakamilisha taratibu zake mwaka 2024. Juu kabisa wapo marais katika Mkutano wa Wakuu wa Nchi. Chini yao lipo Baraza la Mawaziri, kisha Kamati ya Uratibu yenye makatibu wakuu wa wizara, kisha kamati za kisekta ambako wanakaa wataalamu. Sekretarieti pale Arusha huandaa makabrasha, huitisha vikao na kufuatilia utekelezaji. Haina uwezo wa kumwamuru ofisa wa forodha wa nchi yoyote agonge muhuri.

Msimamo wa nchi hutungwa nyumbani. Wataalamu wa wizara huketi, huandika, kisha husafiri na karatasi yao. Wakishakubaliana na wenzao, makatibu wakuu wanapitia, mawaziri wanapitisha. Na kwa kuwa maamuzi ya ngazi za juu ni ya maridhiano, neno ambalo halikuwemo kwenye kabrasha la wataalamu ni nadra kupenyezwa baadaye. Ndiyo maana safari ya hoja yenu inaanzia wizarani kwenu, halafu ndipo Arusha.

Kabla hamjaandika chochote, someni vipande vitatu vya Mkataba. Dibaji inataja sababu zilizoiua Jumuiya ya zamani mwaka 1977, na moja ya hizo ni ushiriki hafifu wa sekta binafsi na asasi za kiraia. Ibara ya 7 inasema ushirikiano huu utawalenga watu na kuongozwa na soko. Ibara ya 127 inazibana nchi wanachama ziweke mazingira mazuri kwa sekta binafsi na asasi za kiraia. Nukuu moja au mbili kutoka hapo zinatosha barua nzima. Mkijaza ibara kumi, msomaji atadhani mmepewa na mtu wa kuwaandikia.

Hatua ya 2: Fungueni daftari

Hii ndiyo hatua inayorukwa na kila mtu, na ndiyo iliyotutoa kwenye malalamiko ikatufikisha kwenye hoja. Nunueni daftari kubwa la jalada gumu, likae kwa mtu mmoja ambaye wote wanapita kwake. Kwetu lilikaa kwa mwenye mashine ya kusaga. Kila anayevuka na mzigo, akirudi anasimulia na linaandikwa hapo hapo, siku ile ile. Andikeni tarehe na saa, geti, bidhaa na uzito, thamani, vyeti alivyokuwa navyo, alichoambiwa na aliyemwambia (cheo, msiandike jina), alichotozwa na namba ya stakabadhi, na muda aliokaa.

Mfano wa ukurasa wetu mmoja (cheti cha uasili ni kile kinachoonyesha bidhaa imezalishwa wapi):

*Jumanne tarehe 14, saa 3:40 asubuhi. Maharage ya njano, magunia 3, kilo 270. Thamani shilingi 810,000. Cheti rahisi cha uasili: kipo. Cheti cha afya ya mimea: kipo. Ameambiwa arudi kesho, mwenye muhuri hayupo. Amelala gesti, 15,000. Amevuka Jumatano saa 5:10 asubuhi. Malipo yasiyo na stakabadhi: hakuna.*

Mstari wa mwisho ulizua ubishi mkubwa kwenye kikundi. Wengine waliuliza, kama hakuombwa kitu, kwa nini tuandike? Tukashikilia uandikwe. Daftari linaloandika rushwa tu hakuna ofisi italiamini. Linaloandika na siku ambazo mambo yalikwenda sawa linasomeka kama ushahidi. Kwa sababu hiyo hiyo, andikeni pia mizigo iliyovuka bila tabu.

Faida ya pili ya daftari hatukuitarajia. Mama mmoja wa dagaa alikuwa ametangaza soko zima kwamba Jumuiya inamtoza ushuru ilhali redio zinasema ushuru hakuna. Tulipomwomba stakabadhi, akaitoa ndani ya kitambaa alichofungia fedha: ilikuwa ya ushuru wa mazao wa halmashauri, aliyotozwa kwenye kizuizi cha barabarani kilomita nyingi kabla ya kufika mpakani. Hoja yake ilikuwa ya diwani, siyo ya Arusha. Mwezi wa kwanza tuliandika malalamiko 40, na 17 kati ya hayo hayakuihusu Jumuiya hata kidogo. Bila kuyachuja tungekwenda wizarani na mchanganyiko huo na tungerudishwa, kwa haki kabisa.

Andikeni kwa miezi mitatu. Kisha kaeni siku moja na mhesabu: tatizo gani limejirudia mara nyingi zaidi, kwenye geti lipi, na limegharimu muda na fedha kiasi gani kwa jumla. Chagueni moja tu. Najua ni vigumu, kila mtu ana lake.

Hatua ya 3: Malizeni mpakani yanayoweza kuisha mpakani

Wafanyabiashara wadogo wana utaratibu wao rahisi wa biashara ndani ya Jumuiya. Bidhaa iliyozalishwa ndani ya nchi wanachama, iliyomo kwenye orodha iliyokubaliwa, na yenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, inavuka kwa cheti rahisi cha uasili kinachotolewa na forodha pale pale mpakani, bila kumlipa wakala. Hapa ndipo watu wengi wanapojikwaa. Wamesikia “bila ushuru wa forodha” wakaelewa “bila karatasi”. Cheti hicho hakiondoi cheti cha afya ya mimea au ya mifugo, hakiondoi masharti ya viwango, na hakiondoi kodi za ndani za nchi unayoingia. Asiyejua hilo anajikuta njia ya panya, na akikamatwa huko hakuna mwongozo utakaomsaidia.

Kwenye vituo vya huduma za pamoja, kama Namanga, Holili na Taveta, Sirari na Isebania, Mutukula, Rusumo, Busia au Malaba, maofisa wa nchi mbili wanafanya kazi upande mmoja, na huwa wana vikao vyao vya pamoja vya uendeshaji. Mwandikieni msimamizi wa kituo mkiomba nusu saa kwenye kikao kijacho. Pelekeni watu wawili na daftari, msipeleke umati. Suala letu la mwenye muhuri lilianzia hapo. Tuliambiwa kwa upole kwamba watumishi ni wachache na mpango wa zamu unatoka juu. Halikuisha siku ile, lakini tulitoka na kitu cha thamani: muhtasari wa kikao uliotaja kwamba tatizo lipo.

Kinachojirudia baada ya hapo kinaitwa kikwazo kisicho cha kiushuru, yaani kinachozuia biashara bila kuwa ushuru, na Jumuiya ina sheria yake ya kuviondoa, ya mwaka 2017. Kila nchi ina kamati ya taifa ya kuvifuatilia, na wafanyabiashara wanapata nafasi humo kupitia vyama vyao. Mnaweza pia kuripoti wenyewe kupitia tradebarriers.org, mfumo unaotumiwa kwa pamoja na Jumuiya yetu na jumuiya nyingine mbili za kikanda, COMESA na SADC. Hugharamiki kitu zaidi ya bando. Malalamiko yakisajiliwa yanapata namba. Nakilini namba hiyo kwenye jalada la daftari, maana kuanzia siku hiyo kila barua yenu itaanza nayo, na aliyekaa ofisini anaweza kuona jambo lenu limelala wapi.

Hatua ya 4: Wizarani, kabla ujumbe haujasafiri

Tanzania, wizara inayoshughulikia Jumuiya ni ya Mambo ya Nje na Ushirikiano wa Afrika Mashariki. Uganda ina wizara yake ya masuala ya Afrika Mashariki, na Kenya ina idara maalumu ya serikali. Jambo la mahindi liende pia kwa wizara ya kilimo, la mabasi kwa ya uchukuzi, la samaki kwa ya uvuvi, maana hao ndio wanaokwenda kukaa kwenye kamati za kisekta.

Barua iwe ukurasa mmoja. Hii ndiyo barua yetu ya pili, nimeifupisha kidogo:

*Sisi ni kikundi cha wafanyabiashara wadogo 34 wa nafaka na dagaa. Kati ya Machi na Mei tumerekodi mizigo 52 iliyovuka kwa cheti rahisi cha uasili. Mizigo 19 ilichelewa siku moja au zaidi kwa sababu moja: mgonga muhuri hakuwepo kituoni. Tumelifikisha kwenye kikao cha kituo (muhtasari umeambatishwa) na limesajiliwa kama kikwazo (namba imeambatishwa). Tunaomba mambo mawili: (1) ratiba ya huduma hiyo ibandikwe dirishani, (2) wizara iingize suala la zamu kwenye ajenda ya kikao kijacho cha wataalamu wa biashara na forodha. Kurasa za daftari zimeambatishwa.*

Haina lawama wala “tunasikitishwa sana”. Mstari wa maombi ndio wenye uzito, kwa sababu unampa mpokeaji kitu cha kufanya. Barua ya kwanza ya kurasa nne ilimpa kitu cha kusoma tu.

Mkipeleka, mtu aende kwa miguu yake, apate muhuri wa “imepokelewa” kwenye nakala yenu, na aulize maswali mawili: kikao kijacho kinachohusu jambo hili ni lini, na mwisho wa kupokea maoni ni lini? Mkishajua tarehe hizo mbili, mko mbele ya mashirika mengi yenye ofisi za vioo.

Ipo pia njia ya kupitia miavuli. Baraza la Biashara la Afrika Mashariki lipo tangu 1997 na makao yake ni Arusha. Kuna Jukwaa la Asasi za Kiraia la Afrika Mashariki, shirikisho la wakulima na shirikisho la vyama vya wafanyakazi. Mwaka 2012 Baraza la Mawaziri liliridhia mfumo rasmi wa majadiliano kati ya Jumuiya, sekta binafsi na asasi za kiraia: mazungumzo yanafanyika ndani ya kila nchi, kisha hoja zinapandishwa kwenye jukwaa la Katibu Mkuu. Kikundi cha watu 34 hakiwezi kujiunga moja kwa moja na kila mwavuli, lakini chemba ya biashara ya mkoa au mtandao wa asasi wa wilaya unaweza kuwa mwanachama, nanyi mkapita humo.

Tahadhari moja kuhusu miavuli. Tuliwahi kualikwa kwenye kongamano la siku mbili hotelini. Mjumbe wetu alikula vizuri, akasaini posho, akarudi na begi lenye nembo na kalamu tatu. Tulipomuuliza alisema nini, akajibu kwamba maazimio yalikuwa yamechapwa tayari alipofika. Tangu hapo hatutumi mtu bila kuomba ajenda kwanza na kutanguliza aya moja ya maandishi inayosema tunataka nini kiingie kwenye maazimio. Wakikataa kupokea aya, tunabaki sokoni.

Anayedhani maoni ya wananchi ni mapambo akumbuke mwaka 2007. Miaka mitatu nyuma, kamati iliyoongozwa na Amos Wako, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu wa Kenya, ilikuwa imependekeza shirikisho la kisiasa la nchi hizi liharakishwe. Zikaundwa kamati za kuzunguka na kuuliza watu. Ya Tanzania iliongozwa na Profesa Samuel Wangwe. Watanzania wengi walikataa kuharakishwa, na ardhi ilikuwa hofu mojawapo kubwa. Mwezi Agosti 2007 marais walikutana Arusha wakakubaliana kwenda hatua kwa hatua. Itifaki ya Soko la Pamoja ilipoanza kutumika Julai 2010, suala la umiliki na matumizi ya ardhi liliachwa chini ya sheria za kila nchi. Unaweza kuunga mkono au kupinga walichokisema, lakini huwezi kusema hawakusikika.

Hatua ya 5: Kama jambo lenu ni kiwango cha ushuru

Hapa kalenda ni tofauti. Viwango vya ushuru wa pamoja wa forodha, unaotozwa bidhaa zinazotoka nje ya Jumuiya, vinajadiliwa na mawaziri wa fedha kabla ya bajeti, na mabadiliko hutangazwa kwenye gazeti rasmi la Jumuiya mwishoni mwa Juni ili yaanze Julai mosi. Julai 2022, kwa mfano, ndipo kilipoanza kiwango cha juu cha asilimia 35 kwa bidhaa kama nguo na samani. Kila mwaka nchi huomba pia ruhusa za muda za kutoza zaidi au pungufu ya kiwango cha pamoja, na ruhusa hizo ndizo zinazomgusa fundi cherehani na muuza mchele. Kwa hiyo maoni yenu yafike wizara ya fedha mwaka uliotangulia, karibu na miezi ya mwisho, serikali inapokusanya mapendekezo ya kodi. Mkienda Mei mmechelewa.

Hatua ya 6: Wabunge wa Afrika Mashariki

Kila nchi ina wabunge tisa kwenye Bunge la Afrika Mashariki. Wanachaguliwa na bunge la nchi yao lakini si wabunge wa bunge hilo, na ndiyo maana wengi wetu hatuwajui hata kwa sura: hawana jimbo, hawaji msibani. Ibara ya 50 inataka tisa hao wawakilishe, kwa kadiri inavyowezekana, vyama mbalimbali, mitazamo mbalimbali, jinsia na makundi maalumu. Tumieni kipengele hicho. Tafuteni kati ya tisa wenu nani aliingia kwa kofia ya wanawake, ya vijana, ya wenye ulemavu au ya biashara, na mwendeeni huyo.

Mambo matatu mnaweza kumwomba. La kwanza ni kuuliza swali kwa Baraza la Mawaziri, ambalo linalazimu jibu la serikali kuandikwa kwenye kumbukumbu. La pili ni kuwasilisha ombi lenu la maandishi bungeni. La tatu ni kamati kuja kuwasikiliza, hasa muswada unapokuwa mezani. Ipo kamati ya mawasiliano, biashara na uwekezaji, ipo ya kilimo, utalii na maliasili, na huwa zinazunguka nchi wanachama kukusanya maoni. Wakifika kwenu, msiwaandalie ngoma. Wapelekeni dirishani saa tatu asubuhi wakaone foleni.

Bunge la sasa, la tano, lilianza Desemba 2022 kwa muda wa miaka mitano. Watakaotaka kuchaguliwa tena au kwa mara ya kwanza wataanza kuzunguka mapema, na huo ndio wakati ambao simu zinapokelewa mlio wa kwanza.

Kuhusu lugha: barua ya wizarani andikeni Kiswahili bila wasiwasi kama nchi yenu inakitumia. Ikienda Arusha, ambatisheni nakala ya Kiingereza. Ibara ya 137 bado inakitaja Kiingereza kuwa lugha rasmi na Kiswahili kuwa lugha ya mawasiliano inayopaswa kuendelezwa. Marais waliamua Februari 2021 kwamba Kiswahili na Kifaransa navyo viwe lugha rasmi, na Kamisheni ya Kiswahili ipo Zanzibar, lakini makabrasha ya kamati hayajaacha mazoea yake. Inaudhi, kwamba muuza dagaa atafutiwe mkalimani ndani ya Jumuiya inayozungumza lugha yake mpakani kote. Tafuteni mwalimu wa sekondari awasaidie, na msomeeni Kiswahili chake kwanza ili asije akaongeza ya kwake.

Hatua ya 7: Mahakamani, mkiwa na saa mkononi

Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki ipo Arusha na ina masjala ndogo katika miji mikuu kadhaa. Ibara ya 30 inampa mkazi yeyote wa nchi mwanachama, mtu au taasisi, haki ya kupinga sheria, agizo, uamuzi au kitendo cha nchi mwanachama au cha taasisi ya Jumuiya kinachokiuka Mkataba. Si lazima umalize kwanza mahakama zote za nchi yako. Si lazima hata nchi unayoishitaki iwe yako. Shirika la ustawi wa wanyama lenye makao Nairobi liliishitaki Tanzania mwaka 2010 kuhusu barabara ya lami iliyopangwa kukatiza kaskazini mwa Hifadhi ya Serengeti, na Juni 2014 Mahakama ikazuia ujenzi wa barabara ya aina hiyo.

Lakini muda ni miezi miwili tu. Inahesabiwa tangu siku jambo lilipofanyika au kutangazwa, au, pasipokuwa na tangazo, tangu siku mlipolijua. Mahakama hii haina huruma na kalenda. Asasi zilizopinga bomba la mafuta ghafi kutoka Uganda hadi Tanga zilifungua shauri Novemba 2020. Novemba 2023 lilitupwa na divisheni ya mwanzo kwa sababu lilikuja nje ya muda, hata hoja zenyewe za mazingira hazikufikiwa. Linganisheni na vijiji vinne vya Loliondo, kaskazini mwa Tanzania, vikiongozwa na Ololosokwan. Waliondolewa kwenye ardhi Agosti 2017, na Septemba hiyo hiyo shauri lilikuwa limeshafunguliwa. Walishindwa mwaka 2022, wakakata rufaa, na Novemba 2023 divisheni ya rufaa ikaamuru lisikilizwe upya. Safari yao ni ndefu, ila hakuna aliyewaambia wamechelewa.

Kwa hiyo serikali yoyote ikitoa agizo linalowagusa, kama lile la Kenya la Machi 2021 la kuzuia mahindi ya Tanzania na Uganda, au la Tanzania la Julai 2025 lililowakataza wageni kufanya biashara kadhaa ndogondogo, andikeni tarehe kwenye daftari siku hiyo hiyo, kwa wino mwekundu. Hesabuni siku 60 mbele, na wekeni alama siku ya 20. Ikifika siku ya 20 hamjaona mwanasheria, mmeshakuwa hatarini. Chama cha Wanasheria cha Afrika Mashariki na vituo vya msaada wa kisheria vya nchi yenu ni mahali pa kuanzia.

Kuna hukumu moja ambayo kila kikundi kingepaswa kuijua, ingawa haitajwi sana. Mwishoni mwa 2006 marais walirekebisha Mkataba harakaharaka, baada ya Mahakama kuzuia wabunge wa Kenya katika Bunge la Afrika Mashariki wasiapishwe kutokana na jinsi walivyopatikana. Vyama vya wanasheria vikashitaki. Mwaka 2008 Mahakama ikasema kwamba kurekebisha Mkataba bila kuwashirikisha wananchi kulikwenda kinyume na Mkataba wenyewe. Haikuyafuta marekebisho, ilisema tu kwamba fundisho hilo ni la mbele ya safari. Basi kila mara serikali inapowaambia kwamba jambo fulani la Jumuiya ni la wataalamu, mnayo hukumu ya kuwajibu.

Hatua ya 8: Mtafuteni mwenzenu wa ng'ambo

Nimeiweka mwisho kwa kuwa sisi tuliifanya mwisho, na tulijuta. Barua ya upande mmoja wa mpaka inasomeka kama malalamiko dhidi ya jirani. Barua mbili zenye takwimu zinazofanana, moja wizarani kwenu na nyingine wizarani kwao, wiki moja, zinawakuta wataalamu wa pande zote mbili kwenye kikao kimoja wakiwa na karatasi ileile. Tuliwapata wenzetu kwa urahisi kabisa: ni wateja wetu. Wao walikuwa wanalipa bei ya juu kwa kila siku ambayo maharage yalilala gesti. Tukafungua kundi la WhatsApp, sharti likiwa moja, hakuna salamu za asubuhi na hakuna siasa za vyama, ni mizigo tu. Sharti la siasa limeheshimiwa. La salamu limetushinda.

Baada ya barua kwenda, wekeni mtu mmoja wa kufuatilia, apige simu kila baada ya wiki mbili, siku ileile, aulize swali lilelile, aandike jina la idara aliyojibiwa nayo. Asiwe mwenyekiti, wenyeviti wana mengi. Kwetu ni binti wa mwenye mashine, aliyemaliza kidato cha nne na ana sauti isiyochoka. Simu ya saba ndiyo iliyoleta jibu: ratiba ya huduma itabandikwa, na suala la zamu limepelekwa kwa wataalamu.

Ratiba ilibandikwa, imeandikwa kwa kompyuta na kugandishwa kwa selotepu ndani ya kioo. Zamu bado ina mapengo siku za Ijumaa mchana, na tumeshaanza kuyahesabu. Daftari la kwanza limejaa. La pili limeanza na magunia mawili ya vitunguu, cheti rahisi kipo, dirishani hadi geti dakika 35, malipo yasiyo na stakabadhi hakuna.